Mshika Utepe

Kazi yangu ni kushika ncha ya utepe.
Mpimaji husimama kwenye kivuli cha gari,
ananipungia mkono: songa, songa, hapo hapo;
nami nakita chuma, namimina zege,
bikoni inazaliwa.
Hamsini kwa mia. Hamsini kwa mia.
Miaka kumi na mitatu nimeikata Tuala
kama muuza nyama akatavyo paja,
sikuwahi kuuliza paja ni la nani.

Mwanzoni nyumbu walikuwa wakitupita.
Tuliacha kupima, tukangoja vumbi litue.
Walitoka mbugani, ghorofa za Nairobi zikiwa mgongoni mwao,
wakavuka Mbagathi, wakaenda kuzaa kusini kwenye nyasi fupi,
na mpimaji akilaani utepe wake ukikanyagwa.
Siku hizi utepe haukanyagwi.

Tajiri alipokwama, alinilipa kwa ardhi:
kiploti cha pembeni, karibu na korongo.
Nikajenga mabati, nikavuta stima,
nikanunua mbuzi watano, na beberu kwa mkopo wa chama.
Ndinda akasema, sasa tuna kwetu.

Usiku wa Jumanne, kati ya saa nane na saa tisa,
mbwa walinyamaza.
Si kubweka kulikoniamsha. Ni ule ukimya.
Halafu bati likalia mara moja,
kama mtu aliyegonga akajuta.

Asubuhi mbuzi wanne walikuwa chini
kama nguo zilizoanguka kambani.
Wa tano hakuwapo.
Beberu alikuwa juu ya tangi la maji;
hadi leo hatujui alipandaje.

Watu wakaja na mikuki, na simu.
Muthama wa duka la pembejeo alikuja na chupa ya dawa ya wadudu.
"Mwagia mzoga," akaninong'oneza. "Atarudi kumalizia."
Chupa ndogo. Kifuniko chekundu.
Nikaipokea.

Nolari, aliyepoteza ng'ombe watatu mwaka wa kiangazi,
mwenye haki ya kukasirika kunizidi,
hakutazama mzoga. Alifuata nyayo,
akaniita kwa kidole.

Zilitoka mtoni moja kwa moja,
zikapita nyuma ya kanisa la mabati,
zikafika kwenye bikoni ya kona yangu, zikasimama.
Hapo simba jike alizunguka. Nyasi zilikuwa zimelala.
Alijaribu kushoto: ukuta.
Kulia: ukuta, na vigae vya chupa juu yake.
"Mama yake alipita hapa," akasema Nolari,
"na mama ya huyo mama. Umejenga mlangoni."
Hakusema kwa ubaya.
Alisema kama mtu anayesoma risiti.

Nikatoa utepe mfukoni. Mazoea.
Nikapima unyayo: sentimita kumi na mbili kwa kumi na moja.
Nikauandika daftarini, chini ya ploti namba mia nne na sita,
nisijue nijaze nini
kwenye safu ya jina la mwenyewe.

Chupa nilimrudishia Muthama jioni.
Sitaki sifa. Ilikaa mfukoni mwangu kutwa nzima,
na Ndinda alijua, na hakuniuliza.

Askari wa wanyamapori walikuja Alhamisi, na fomu.
Fidia, walisema, ni kusubiri.
Nolari akacheka hadi akashika ubavu.

Jumatatu mpimaji akapiga simu:
ekari ishirini, ng'ambo ya korongo.
Nilienda. Karo ya Syombua hailipwi kwa majuto.
Akasimama kivulini, akanipungia: songa, songa, hapo hapo.
Nikatazama chini. Nyasi zilikuwa zimelala upande mmoja,
upande wa mtoni.

"Kuna nini?" akapaza sauti.
Chuma kilikuwa mkononi, kimeanza kushika moto wa jua.
"Ngoja," nikamwambia, "ngoja vumbi litue."

Hapakuwa na vumbi.