Daftari la Madeni

Duka la babu Langoni lilipofungwa
wenzangu waligawana mizani, rafu, kasha la chuma.
Mimi nikachukua daftari,
jalada limeliwa na mende pembeni,
harufu ya mafuta ya taa imegoma kuhama.

Kurasa mia mbili za wadaiwa.
Sukari ratili mbili. Kibiriti. Majani ya chai.
Wino wa babu umechujuka
mpaka nao umekuwa rangi ya chai.

Nazipaka kwanza uji wa ngano, mwembamba,
kisha nabandika:
utepe wa leso ya mama, jina lake limekatika,
MSINIONE NIMENYAMA
hapo mkasi ulipita;
risiti ya boti ya Mokowe;
karatasi ya dhahabu ya peremende
tulizorushiwa harusini kwa Thureya;
mwezi wa Rajabu kutoka kalenda fulani, mwaka siujui.

Ukurasa wa kwanza niliuanika barazani.
Punda wa jirani akapita, akaula,
na deni la Bwanaheri likaisha hivyo.

Kiolezo nilikosa cha kukatia.
Nikaiona ile picha ya eksirei,
nyonga ya mama, siku alipoteleza ngazini na ndoo.
Ngumu, nyororo, hainywi rangi.
Nikachora juu yake ua la kofia,
lile alilokuwa akilishona baba kitobo kwa kitobo,
sindano ikimeta karibu na ndevu,
nikalikata kwa wembe.
Petali sita ndani ya mfupa.

Manjano. Buluu ya kufulia. Mashapo ya kahawa.
Sponji nimelichuna godoro kuukuu:
lichovye, likamue, gusa, usisugue.
Ukisugua, rangi hupenya chini ya ukingo
na ua huota ndevu.
Kuinua kiolezo ndiyo raha yangu yote,
ile sekunde moja ambayo sijui.

Mama aliingia na gongo lake.
"Hiyo si nyonga yangu?"
Ndiyo, mama.
"Na ulivyovitoa matunduni umeviweka wapi?"
Kwenye mkebe wa samli.
Akaketi, akavitaka, akavimwaga pajani.
Petali moja akaiinua dirishani,
akaitazama kwa jicho moja.
"Hapa ndipo paliponiuma."

Kisha akainamia ukurasa.
"Mato yangu hayaoni vyema. Nisomee hapo, chini ya ua."
Nikasoma, herufi zikichungulia kati ya buluu:
Lali wa Matondoni. Mchele. Tende. Hajalipa.

"Huyo alilipa."
Gongo likagonga sakafu.
"Mwaka uliozaliwa aliipaka chokaa nyumba hii, nje na ndani,
mikono ikamchubuka hadi viwiko.
Babuyo hakulikata jina.
Kusahau au kutotaka, mimi sijui."

Nilikwishashika karatasi ya dhahabu nimfunike.
Mama akatikisa kichwa.
Akaenda nyuma ya kabati,
pale ambapo ukuta haujapakwa tena tangu siku zile,
akakwangua kwa kucha,
akanitilia kiganjani unga mweupe, si mwingi.
Nikauchanganya na gundi.
Kiolezo juu ya jina.
Nikagusa. Sikusugua.

Hadi leo ukurasa ule haujakauka sawasawa.
Kila nikiufunua humwaga vumbi kwa jirani yake,
na deni la Kombo, ambaye hakuwahi kulipa hata kibiriti,
nalo limeanza kuwa jeupe.

Daftari halifungiki tena, limevimba kama mkate wa mofa.
Nimelizungushia kipande cha leso kilichobaki.

Mama anataka wembe. Petali zake hazitoshi,
anasema, kuna ua jingine analikumbuka.
Namwambia ngoja, una makali.
"Wembe ndio uliokukata kitovu," anasema. "Lete."