Hodi ya Saa Nane Usiku

Maziwa yalisimamishwa saa sita.
Sasa ni maji matupu yanayozunguka bombani,
ya moto, yasiyo na kazi,
na nje theluji ya Panevėžys
inaanguka kama mtu asiyevaa saa.

Rimvydas amekalia kreti iliyopinduliwa,
kompyuta magotini, kebo ya buluu
imemwingia paneli ubavuni.
Anabadilisha kiendeshi,
neno la ajabu, maana hakiendeshi chochote:
hukaa katikati tu,
kati ya kioo anachokigusa Genovaitė
na kidhibiti kilichofungiwa kabatini,
kikichukua maneno huku, kikiyafikisha kule.
Mimi ningekiita mkalimani.

Miaka kumi na tisa walisemezana hivi:
Hodi.
Karibu.
Vali ya tatu? Wazi.
Pampu? Inazunguka.
Joto? Sabini na mbili.
Mara mbili kila sekunde, usiku na mchana,
bila kununiana.
Ndoa gani imewahi kuvumilia hodi nyingi kiasi hicho?

Kisha kioo cha zamani kikapasuka,
na aliyekitengeneza haviundi tena.
Kikaja kipya, chembamba, king'aavu,
na kiendeshi chake cha toleo la nane.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mgeni alikuja. Mwenyeji akawa bubu.

Asilimia tisini na tisa. Tisini na tisa.
Chai imepoa. Tisini na tisa.
Mia.
Hodi.

Kila kisanduku kimejaa alama za reli,
reli juu ya reli, treni hakuna.

Rimvydas anatukana kidogo, kwa adabu,
kwa kuwa Genovaitė ni rika la mama yake.
Anwani: huyu anahesabu kuanzia moja,
yule anaanzia sifuri,
kwa hiyo hodi yote ilipigwa mlango wa jirani.
Anasogeza hatua moja.
Karibu, linasema kabati.
Vali zinarudi, kijani, kijani. Pampu inarudi.
Joto: sifuri, nukta, sifuri sifuri.

Genovaitė haulizi kitu.
Anakwenda kwenye bomba, anainama
mbele ya kipimajoto cha kioo chenye kofia ya shaba,
kile ambacho meneja ametaka king'olewe mara mbili.
Sabini na mbili.
Anaandika daftarini, kwa wino,
kama alivyoandika kila saa ya kila zamu
huku vijana wakimcheka:
Mama, paneli inajiandikia yenyewe!

Rimvydas anachukua penseli na lebo ya jibini,
anachora nyuma yake masanduku mawili.
Namba yenye nukta, anasema, husafiri vipande viwili,
kichwa na mkia.
Kiendeshi cha zamani kilipokea kichwa kwanza.
Hiki kipya kinaanza na mkia,
kinaunga, kinapata kitu kidogo mno,
kinaandika sifuri.

"Kama pale zahanati," anasema Genovaitė.
"Muuguzi huita jina la ukoo kwanza, Barkauskienė!
Nami nakaa kimya kitini,
nikidhani anaitwa mama mkwe."

Anacheka mpaka kompyuta inataka kuanguka.
Kisha anakitafuta: ukurasa wa nne wa mipangilio,
kiboksi kidogo kisichotajwa kwenye mwongozo.
Tiki moja.

Sabini na moja nukta tisa.

"Na kioo changu kinasema sabini na mbili," anasema mama.
"Mwongo nani?"
Rimvydas anafungua mdomo. Anaufunga.
Genovaitė anaandika zote mbili.

Saa kumi na moja lori la kwanza linaingia uani,
taa zake zimejaa theluji.
Kijana anajaza ripoti ya kazi:
toleo la awali, toleo jipya, muda uliopotea.
Kisha anataka kuandika,
*kipimajoto cha kioo kisiondolewe*,
anatafuta sehemu ya kuliweka hilo,
anashuka, anapanda,
hakuna kisanduku chake.
Analiandika pembeni, kwa penseli.