Moja Yenye Mguu

Ukumbi wa michezo, harufu ya raba na jasho la watoto.
Masanduku yanamwagwa mezani kama viazi vya mwaka mzuri.
Nimeegemea kizuizi, penseli mkononi,
nakihesabia chama kura kabla wenye kazi hawajazihesabu.
Nimeirithi shughuli hii. Sanduku la Drumkeel nalijua
kama ulimi unavyoyajua meno:
kwa akina Geraghty nne, kwa mjane wa posta moja,
kwetu tatu. Dada, mimi, na baba.

Chama hatukukichagua. Tulikikuta ukutani
kando ya taa nyekundu ya Moyo Mtakatifu:
babu na bunduki ya kuazima,
babu aliyepigwa risasi ya goti na binamu yake
walipogombania nchi waliyokwisha kuipata.
Goti lile ndilo kadi yetu.

Leo ni udiwani. Majina kumi na mawili,
unayapanga moja, mbili, tatu, kama wageni wa arusi.
Karatasi inafunuliwa, na hapo naiona:
moja yenye kofia na mguu,
moja ya baba, aliyochapiwa na masista hadi ikanyooka,
ile ile anayoiandika kwenye magunia ya shayiri.
Imekaa mbele ya Dervla Mulvey.
Wa upande ule. Wa waliolenga goti.

Penseli ikasita.
Kisha nikakumbuka kalavati,
na Dervla katikati ya njia, maji yamemjaa buti,
akiwafokea watu wa halmashauri mpaka lori likaja.
Wiki ya pili yake jeneza la mama
lilipita pale bila kuloa.

Mbili, kwa adabu, alitupa sisi.

Kwa Ulaya alimpa yule mpiga kelele wa bei ya maziwa.
Urais, mwanamke aliyemwamkia kwa Kiayalandi.
Jioni akauliza, "Sanduku letu limesemaje?"
"Kama kawaida, baba."
Akanimiminia chai. Hakuniangalia.

Uchaguzi wa bunge ulikuja na mvua ya mawe.
Nikaingoja, ikaja: moja yenye mguu,
imerudi nyumbani, imekandamizwa
hata karatasi ikakaribia kutoboka.
Ya dada ikafuata.

Ya tatu sikuitafuta.
Nilijua iliko.