Hina na Sabuni

Nyigu walikuwa wamejenga kwenye kiti namba saba.
Miezi kumi na moja pembea kubwa imesimama
na nyigu hawakusubiri tangazo la mtu.
Niliwatoa kwa moshi wa makumbi, polepole,
kama anayemhamisha mpangaji mwema.

Kisha grisi. Kisha mnyororo, pingili kwa pingili.
Injini ikakohoa mara tatu, sote tukageuka.
Siku hizi kikohozi, hata cha chuma, kinatushtua.

Daktari wa Chake alikuja na karatasi:
viti kumi na sita, vikaliwe vinane,
kimoja watu, kimoja wazi,
ndoo ya maji langoni, barakoa usoni,
na kila mzunguko ukisha, kitambaa cha dawa.
Salhina wa tiketi akapiga hesabu kwa chaki sakafuni:
mafuta ya jenereta, mishahara ya watu watano,
nusu ya watoto.
Akaifuta kwa kiatu.
"Tufungue hivyo hivyo," alisema.
"Hasara ya sikukuu moja hatufi nayo.
Iko nyengine tunakufa nayo."

Usiku wa kuamkia Idi Kubwa nilichora maduara ya chokaa
kutoka langoni hadi kwenye pembea, hatua mbili mbili.
Alfajiri kuku wa jirani wakayakalia,
kwa adabu kuliko walivyokuja kuyakalia wazee wenye watoto.

Wakaja. Magauni yanachakarika,
miwani ya plastiki, noti za Idi zimekunjwa viganjani,
barakoa za vipande vya kanga;
mmoja kafungwa jina la kanga lililokatwa na mkasi,
limebaki mdomoni pake: HASIDI HANA.

Kwenye ndoo foleni ikakwama.
Raya binti Mbwana, miaka sita,
mikono juu kama aliyetekwa,
hina ya jana mpaka viwikoni.
"Sabuni itaila."
Nyuma yake watoto arubaini, maduara yote yamejaa,
jua linapanda, babu yake anatazama saa.
Mpitishe, mmoja tu huyu, sauti ikatoka nyuma.
Nami, wallahi, mdomo nilikuwa nishaufungua.
Ila Kombo wa jenereta naye alikuwa mmoja tu.
Rajabu tulimzika watu sita, mbalimbali,
kama tuliopimiwa kwa chokaa.

Salhina akatoka kibandani.
Akapandisha mikono ya baibui,
na hapo ndipo nilipoiona hina yake,
ya kwanza tangu alipotoka eda ya Kombo.
Akaitia mikono yote miwili majini,
povu hadi vifundoni, akahesabu kwa sauti
moja mpaka ishirini, bila kuharakisha kumi na tisa.
Akainyanyua. Nyekundu ile ile.
"Hina iliyoshika," alisema, "haiogopi maji."

Raya akatia kidole kimoja kwanza.
Akakichungulia.
Kisha vyote.

Nikavuta wenzo. Watu, wazi. Watu, wazi.
Pembea yenye nusu ya mzigo huenda kwa kusitasita,
ukitaka kuijua uisikilize kwa kiganja, si kwa sikio.
Juu kabisa Raya akapiga kelele,
barakoa ikatuna kama tanga dogo la karatasi:
anaiona hospitali! anauona mnara!
anayaona majamvi ya karafuu, mpaka la kwao,
na mama yake juu yake, mdogo, anachambua!

Aliposhuka hakushuka.
"Kile cha mbele yangu anakaa nani?"
Namba saba.
"Hakuna mtu."
"Mbona kinabembea?"
Nikamwambia: nyigu.

Nikakipangusa kiti chake kwa dawa, mgongo na vishikio,
kisha nikakipangusa na kile kitupu,
taratibu,
ingawa karatasi ya daktari haikusema.
Salhina alikuwa ananiangalia dirishani.
Akakata tiketi nyengine.