Cherehani ya Musili

Alipopanga chumba cha chini, hapa Mkomani,
nilimwita "yule wa bara"; jina sikuuliza.
Cherehani yake ilitangulia adhana,
tatata, tatata, panya wa chuma kwenye boriti.
Nikafunga dirisha, nikamlaani
laana ya mtu aliyelala nusu.

Siku mambo yalipogeuka siijui.
Hakunipa zawadi, hakuniokoa na moto.
Alipita tu. Punda wakiziba kichochoro
tulibanwa ukuta mmoja, mimi na yeye,
tukingoja mifuko ya saruji ipite.
"Leo wengi," alisema.
"Wengi," nikajibu.
Ni hayo. Miaka mitatu ya hayo.

Juzi alikwenda kwao Kitui, kuzika.
Alfajiri ikaja bila tatata.
Nikakaa kitandani, nikaupapasa ukimya
kama ulimi unavyopapasa pengo la jino.

Na ng'ambo ya wikio, hatua tisa,
analala dada yangu Mwanashee,
tumbo moja, ziwa moja.
Jana alinishika mkono mlangoni:
"Hivi nywele zangu umezionaje?"
Alizikata wiki mbili zilizopita.
Wiki mbili nampita
kama nipitavyo kidaka chenye sahani za bibi:
zipo, zilikuwapo,
nani huzihesabu?

Nilimwambia zimempendeza.
Alicheka, si kwa furaha.

Usiku Musili akarudi.
Tatata.
Nikageukia ukutani,
nikalala fofofo.