Chumba cha Tatu

Chumba cha tatu, kushoto, ukishawapita nyoka wa kwenye chupa,
ndipo walipouweka mfereji.
Mimi ndiye niupangusaye vumbi,
Jumatatu hadi Jumamosi, kabla ya saa tatu,
kwa kitambaa kikavu, maana Bwana Shitanda amesema
maji yasiuguse.

Ni mfereji wa mbao na gundi, urefu wa mkeka,
umepakwa rangi ya buluu.
Buluu! Nimeishi ukingoni mwake miaka thelathini na mmoja,
nimeuona wa kijivu, wa chai ya maziwa,
mweusi siku ile gereji za juu zilipomwaga oili,
wa kijani gugumaji lilipoupanda kutoka ziwani.
Buluu sijawahi.

Upande huu kuna vijumba vya mapaa mekundu,
stesheni ya reli, posta, miti ya sponji.
Upande wa pili ni ubao mtupu.
Mtoto wa shule aliweka kidole hapo, akauliza:
"Hapa wanaishi nani?"
Shitanda akasoma kibandiko kwa sauti ya redio:
mfereji ulichimbwa kukausha kinamasi,
kufukuza mbu, kuuokoa mji.
Nami nimeinama na ndoo yangu, nikajisemea:
ukiokoa mji, maji huyatupi angani.
Lazima yapelekwe kwa mtu.

Sikusema hapo. Nilisema baadaye,
tukinywa chai nyuma ya banda la kobe.
Kwangu Nyalenda, kwenye miimo ya mlango,
nimechora kwa penseli ya seremala.
Kulia, watoto: Akeyo na Okech,
kila Krismasi, kisogo kwenye ubao, usinyanyue visigino.
Kushoto, maji: kila masika, mahali yalipofika,
tarehe, na kama yaliingia usiku.
Shitanda akaacha kutafuna andazi.

Alikuja na kamera na futi. Akapiga magoti topeni
na suruali yake ya ofisi.
"Mwaka huu maji yalimpita Akeyo," akasema,
kama mtu asomaye matokeo ya mbio.
"Alikuwa juu ya kabati," nikamjibu.
Kisha: "Na Okech? Mbona mistari yake inaishia hapa,
kiunoni?"
Nikamwambia, wewe andika sentimita.

Wakaitaka miimo. Wakaniletea karatasi ya kutia sahihi,
neno "kuchangia" mara nne, bei hakuna.
Nikasema, mlango hauchangiwi
na nyumba ina watu ndani.
Leteni mwingine kwanza, wa mvule, si wa mkaratusi,
bawaba tatu, na mje kabla ya Machi.
Wakaleta mkaratusi. Bawaba mbili.
Machi ikiisha.

Sasa imesimama chumba cha tatu nyuma ya kioo,
mlango usio na nyumba, taa ndogo juu yake.
Wageni hujisogeza wajipime na maji,
wakapigana picha, wakacheka kidogo, wakanyamaza.
Kibandiko kimemwita binti yangu Akinyo.
Nimewaambia mara mbili.
Wanasema printa imeharibika.

Okech wamemwandika sawasawa.
Upande wake wa kioo naupangusa mwisho,
kwa kitambaa kilicholowa,
hata kama Bwana Shitanda alishasema.

Nyumbani miimo mipya ni myeupe, bado yanuka utomvu.
Akeyo amekuwa mtu mzima, hapimwi.
Penseli ninayo, imo kwenye kikombe cha miswaki.
Juzi usiku mvua ilianzia huko milima ya Nandi,
kwetu hata tone halikudondoka.
Asubuhi nikakuta mstari ambao sikuuchora mimi,
wa tope, mnyoofu kama uliopigwa rula,
vidole vinne juu ya kizingiti.

Nikauruka, nikaenda kazini.