Fungu Lisilo na Kadhi

Alipokufa baba, Konde, mwaka wa karafuu nyingi,
kadhi aligawa mikarafuu thalathini na miwili
bila kufuta hata tarakimu moja:
mama thumni yake, minne;
Kombo minane, Shaame minane;
sisi wanawake watatu, minne minne.
Hakuna aliyenung'unika.

Kuna kitu hakukiorodhesha.

Leo nipo Unguja, wodini.
Kombo amelala, ufizi unavuja damu,
na daktari kijana mwenye lafudhi ya Tumbatu
anauchora ukoo wetu nyuma ya fomu ya maabara:
mwanamme mraba, mwanamke duara,
aliyekufa mstari wa kumkata.
"Nitajie. Nani aliugua damu?"

Kwetu hakuna aliyeugua damu.
Babu Makame alikuwa na joto la mifupa.
Baba alikuwa na homa isiyosikia kwinini;
tukasema uchovu wa kukwea,
tukasema jicho la jirani.
Shangazi Mize...

Nikanyamaza.

Shangazi Mize alikuwa na mavilio.
Mapajani, mikononi, rangi ya zambarau mbivu.
Walimwona kisimani wakamuuliza. Akasema: sikupigwa.
Nani humwamini mke anayesema sikupigwa?
Baba mwenyewe alikwenda na nduguze
wakamtoa kwa Faki, talaka mbele za watu,
na Faki akatemewa mate njia nzima hadi gatini Wete.

Miezi minne baadaye Mize akafa chumbani kwetu
na mavilio mapya mwilini,
nyumba ambayo hakuna mkono uliomgusa.
Tuliyaona. Tulimkosha.
Hatukusema kitu.

Daktari ametia wino duara la Mize.
"Si hukumu hii," anasema. "Wengi wenu mtazeeka,
mtakufa kwa mengine. Ni mlango tu
uliorudishwa bila komeo."

Nikakunja mkono wa baibui.
"Chukua uboho wangu, mpe kaka."
"Kwanza tukupime wewe.
Tusije tukampa kile kile alicho nacho."

Basi haya ndiyo mirathi.
Hayajui mwanamme mafungu mawili,
hayana thumni, hayana wasia;
huyu hupewa, yule hurukwa,
na aliyerukwa haambiwi.

Majibu wiki tatu.
Sikuvuka kurudi Pemba. Nimekwenda Bumbwini,
kwenye tanuri la chokaa, kwa mzee
mwenye kope nyeupe kwa vumbi,
nikamtandikia karatasi juu ya gunia.

Faki alilitazama duara lile jeusi muda mrefu.
Hakuuliza jina la maradhi.
Hakusema niliwaambieni.
Alisema, "Mie mraba wangu upo wapi?"

Nikamwambia karatasi hii ni ya damu tu, mume hachorwi.

Kisha nikapekua mkoba, mara mbili, mara tatu,
kutafuta kalamu.
Nilikuwa nimeiacha wodini.